Chupa ya Mwisho ya Mzee Dervali

Kasha lilikuwa limeshapakiwa. Kinu kimelazwa ubavuni mwake, mbuzi ya kukunia nazi imefungwa ndani ya jamvi, na kuku wawili waliofungwa miguu kwa ukindu wanautazama mto wa Pangani kwa jicho moja moja. Mwanamkasi binti Msafiri alikaa juu ya kasha lake, buibui limemfunika mpaka vidoleni, na pantoni ilikuwa imekwisha kuachana na ukingo wa Bweni, inavutwa kwa kamba polepole kuelekea mjini. Ng'ambo kulikuwa na basi la kwenda Tanga. Asiyetakiwa pantonini alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyelibeba kasha begani kutoka nyumbani mpaka majini.

"Wewe unavuka kwenda wapi?" Hija alimwuliza. Hija ni kaka yake Mwanamkasi, fundi cherehani wa Ngamiani kule Tanga, kaja kumchukua dada yake.

"Nabeba kasha," alijibu Mwinyijuma.

"Kasha lina mwenyewe, na mwenyewe ana kaka."

"Mwache, Hija," alisema Mwanamkasi bila kugeuza uso. "Kasha zito, na mgongo wako umezoea kiti."

Kombo, mmoja wa wavuta kamba, alikuwa hajui lolote, au anajua akajifanya hajui. Akapaza sauti: "Shikamoo, Mzee Mwinyi! Leo mmehamisha nyumba nzima, mmesahau paa tu!"

"Marahaba," alisema Mwinyijuma. Hakucheka mtu.

Eda ya Mwanamkasi ilikwisha jana yake. Alikuwa mke wa Mwinyijuma kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa si mkewe, wala hakuna rejea, maana talaka zilikuwa tatu. Hawakugombana. Hakuna aliyemchoka mwenziwe. Watoto wawili waliwazika wangali wachanga, na tangu hapo walikuwa wao wawili tu, kila mmoja ndiye mtoto wa mwenziwe. Kilichowaachanisha ni bilauri moja ya shampeni, tena haikujaa.

Habari yenyewe ilianza zamani, kwa baba yake Mwinyijuma, ambaye alikuwa mgema. Kazi ya kugema tembo wanaijua watu wa pwani yote ile, na wanaolinywa ni wengi kuliko wanaokiri. Mgema hukaribishwa kila mahali isipokuwa mezani. Mwinyijuma alipokuwa mdogo, baba yake alimfundisha kutega sikio kwenye mdomo wa kibuyu. Tembo lililo hai husema. Hunong'ona, kama tope la mikoko wakati maji yanatoka na vijitundu elfu vinapumua pamoja. Lililokufa halisemi kitu. Mtoto akajua kulisikiliza kabla hajajua kusoma alifu.

Baba yake akaanguka mnazini asubuhi moja akafa hapo hapo, na kibuyu chake cha mwisho kikabaki kileleni. Kikajaa, kikafurika, nyuki wakakijia, povu likateremka gogoni. Watu wakawa wakipita chini wakisema, "Mwenyewe kaenda, biashara inaendelea." Hakuna aliyepanda kukishusha. Mwinyijuma naye hakupanda. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba na aliona haya. Kibuyu kilikaa huko juu mpaka kikaoza.

Ndiyo maana alipokwenda Ushongo kumposa Mwanamkasi, mzee Msafiri alimpa binti yake kwa shingo upande. Ndoa ilipofungwa tu, watu hawajainuka, mzee akasema, "Sasa niondolee hofu. Uape mbele ya hawa kwamba kileo na wewe basi."

Kuapa tu kungetosha. Lakini Mwinyijuma alikuwa kijana, kanzu mpya, watu wamejaa, na wengine alikwisha kuwaona wakichekeana. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Siku kileo kitakapogusa ulimi wangu, Mwanamkasi binti Msafiri ameachika."

"Talaka moja," shekhe aliyefungisha ndoa alimwongoza, maana alikuwa mtu mzima na ameona mengi. "Moja inatosha, mwanangu."

"Tatu," alisema Mwinyijuma.

Baraza likashangilia. Ndani wanawake wakapiga vigelegele. Na bibi harusi, aliyekuwa amefunikwa kanga, akayasikia maneno yale akayashika kama kipande cha mahari. Miaka yote ile, kisimani, akina mama wakilalamika waume zao, yeye alikuwa na lake: "Nyie semeni. Wangu mimi kaapa tatu."

Naye alikuwa na mchezo wake. Jioni Mwinyijuma akirudi kazini, Mwanamkasi humzuia mlangoni, mkono kiunoni. "Hebu pumua." Mwinyijuma hupumua. "Haya, pita, mume wangu." Mwanzo ilikuwa nusu mzaha, nusu kweli. Baadaye kweli iliondoka ukabaki mzaha, na mwishowe hata mzaha haukuwa mzaha, ikawa ni salamu yao.

Na mchezo ulikuwa na sababu, kwa kuwa kazi ya Mwinyijuma ilikuwa ya mezani kwa Bwana Rafaeli Dervali, Mfaransa mwenye shamba la mkonge baina ya Bweni na Ushongo, na meza ya Bwana Rafaeli haikukosa chupa. Kwao huko ni watu wa mvinyo. Ukoo wao ulikuwa na nyumba ya shampeni, si nyumba kubwa, lakini wenye kujua wakilitaja jina la Dervali walikuwa wakishusha sauti. Babu aliianzisha, baba akaishika, kisha ndugu mkubwa. Bwana Rafaeli alimsimulia Mwinyijuma jinsi chupa zinavyolazwa gizani, katika mapango yaliyochimbwa kwenye chokaa, na jinsi watu wanavyopita kila siku kuzigeuza kidogo kidogo kwa mkono, miaka. Mwinyijuma hilo lilimpendeza. Akasema, "Kumbe na huko kuna watu wa kazi."

Kila mwaka kreti moja ilikuja melini mpaka Tanga. Kisha mwaka thelathini na sita homa ikamshika Bwana Rafaeli siku arobaini, ikamwacha mzima ila pua. Harufu zote zilikwenda, na ladha zikafuata. Akawa anakula kama mtu anayetafuna karatasi. Kreti ya mwaka ule ilipofika, alifungua chupa, akanywa, akabaki ameishika bilauri anaitazama tu. Mwinyijuma alikuwa amesimama na sinia. Bwana alipoirudisha bilauri, yeye kwa mazoea ya utotoni akaisogeza sikioni.

"Unafanya nini?"

"Naisikiliza, Bwana."

"Inasemaje?"

"Iko hai. Ila imechoka safari. Hizo nyingine zipumzike wiki mbili."

Bwana Rafaeli alimtazama sana. "Na harufu?"

Mwinyijuma akanusa. Kunusa hakukuwamo katika kiapo. Akasema kuna limau, si maji yake, ganda. Kuna mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Kuna chokaa iliyomwagiwa maji. Bwana Rafaeli akaketi. Akachukua kalamu, akayaandika hivyo hivyo, akayapeleka kwao. Baada ya miezi mitatu ikaja barua ya baba yake: mwanangu, pua yako bado ni ya nyumbani.

"Ya nyumbani, Mwinyi!" Bwana Rafaeli alicheka mpaka akakohoa.

"Nyumbani Bweni, Bwana."

Ikawa hivyo mwaka kwa mwaka. Chupa hupozwa kisimani, ndani ya gunia, siku nzima. Alasiri hufunguliwa barazani. Bwana hunywa asipate kitu, Mwinyijuma hasikii ulimini lakini husikia kwa sikio na pua, na baina yao wawili palikuwa na mnywaji mmoja kamili. Mwinyijuma hakumdanganya hata mara moja. Chupa mbaya alisema mbaya. Kazi yote ilikuwa hiyo: kumwambia kweli mtu asiyeweza kuhakikisha.

Vita vikaja, kreti zikakoma. Mzee Dervali, baba yake Bwana Rafaeli, akafa. Baada ya vita ndugu mkubwa akajaribu, akashindwa, na mwishoni mwa mwaka hamsini na nne ikaja barua kwamba nyumba imeuzwa kwa kampuni. Jina litabaki kwenye karatasi ya chupa, mkono hautakuwepo. Bwana Rafaeli alikuwa na miaka sabini, moyo mbovu, miguu imevimba. Akasema, "Iko moja ghalani, ndani ya mchanga. Ya mwaka ishirini na nane. Baba aliitengeneza mwenyewe, mwaka aliosema hataupata tena. Ipeleke kisimani."

Ilikuwa mwezi wa Januari, joto kali. Karatasi yake mende walikuwa wameila nusu. Kizibo kilitoka bila kelele, kwa pumzi ndogo tu, kama mtu aliyetua mzigo. Rangi ilikuwa ya samli. Mwinyijuma akaiweka bilauri sikioni, akangoja. Kimya. Akanusa. Gunia lililolowa, mbao ya kasha kuukuu, basi.

"Inasemaje?"

"Bado sijaisikia, Bwana."

Wakangoja tena. Bwana Rafaeli akanywa funda, akafumba macho, akafumbua. "Mdomoni mwangu ni maji. Mwinyi, imekufa?"

"Sijui."

"Hujapata kuniambia sijui."

"Leo nakuambia."

Mzee akaiweka bilauri mezani polepole, isilie. Hakumwambia aonje. Kiapo alikijua, alikuwa akikitania miaka yote. Akasema tu, "Kamwage. Imwage nyuma, nisione."

Mwinyijuma akachukua chupa na bilauri, akapita sebuleni, akafika mlango wa nyuma penye maua. Akainamisha mkono. Na hapo, asijue kimetoka wapi, akakiona kile kibuyu. Akaliona povu na nyuki, akawasikia wale wapitao chini. Miaka thelathini na sita alikuwa hajakitazama, sasa kimesimama mbele yake: kazi ya mwisho ya baba wa mtu, na mtoto wake mwenyewe anaona haya kuifikia.

Angeweza kurudi akasema iko hai. Neno moja, na mzee angelala. Lakini je, kama imekufa? Angekuwa amemzika Mzee Dervali na uongo. Na akisema imekufa, je, kama iko hai?

Akarudi barazani na bilauri mkononi. Akamkumbuka Mwanamkasi. Alimkumbuka vizuri, wazi, mkono kiunoni mlangoni. Akainua.

"Mwinyi!" Bwana Rafaeli alijaribu kusimama. "Mkeo!"

Ilikuwa imekwisha kupita.

Mwinyijuma aliiweka bilauri mezani. Kisha akasema, "Iko hai, Bwana."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Iko hai. Ni mzee, anakaa chumba cha ndani kabisa, ndiyo maana hatukumsikia mlangoni. Lakini yumo." Akamweleza yote, tangu ilipogusa mpaka ilipokwisha, na Bwana Rafaeli akalia kama mtu aliyesomewa barua aliyokuwa akiingoja. Kisha akalia tena, kwa jambo jingine, akamshika Mwinyijuma mkono. "Umefanya nini? Umefanya nini wewe?"

Jua lilikuwa bado juu alipofika kwake. Mwanamkasi alikuwa mlangoni.

"Mapema leo. Hebu pumua."

Mwinyijuma akageuza uso pembeni.

"Pumua, bwana, nina chungu jikoni." Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka. Akamwangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, akaushusha mkono kutoka kiunoni. "Mwinyi?"

"Usinikaribie," alisema Mwinyijuma. "Si halali tena."

Usiku ule alilala shambani, na asubuhi wakaenda Pangani kwa Shekhe Massoud, kila mmoja kwa njia yake. Mwanamkasi akakaa nyuma ya pazia. Bwana Rafaeli naye akaja kwa gari, kashikilia fimbo, rangi imemtoka, akasema yote mwenyewe. "Nilimlazimisha, Shekhe. Mimi ni bwana wake. Nilimwambia nitamfukuza. Nilimtishia."

Shekhe Massoud alimsikiliza mpaka mwisho. "Maneno yako nimeyasikia. Lakini mwenye kiapo ni huyu. Mwinyijuma, alikulazimisha?"

"La, Shekhe. Aliniambia nikamwage."

Bwana Rafaeli akapiga fimbo sakafuni. Shekhe akatulia. Alikuwa mtu mpole, na alimjua Mwanamkasi tangu akiwa msichana wa chuo cha Kurani. Akasogea mbele, akasema taratibu, kama mtu anayemwonyesha kipofu ngazi. "Sikiliza vizuri kabla hujajibu. Mtu akivunja kiapo cha namna hii kwa kusahau, talaka haipiti. Wanavyuoni wetu wamesema hivyo. Binadamu husahau. Ulikuwa na huzuni, mzee analia mbele yako, miaka mingi imepita. Je, wakati ule, bilauri iko mkononi, ulikuwa umesahau kiapo chako?"

Nyuma ya pazia buibui lilichakarika. Mwanamkasi alikuwa ameacha kupumua. Barazani watu wawili walikuwa wanamtazama Mwinyijuma, na wote watatu, pamoja na aliye nyuma ya pazia, walikuwa wanataka neno moja.

"Sikusahau," alisema Mwinyijuma.

"Fikiri."

"Nimefikiri tangu jana, Shekhe. Nilikumbuka. Nilimkumbuka kabla haijafika mdomoni."

"Nani alikuambia useme tatu?" Shekhe Massoud aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira. "Siku ile, nani alikuambia?"

"Hakuna."

Nyuma ya pazia hakukusikika kilio. Ilisikika tu sauti ya mtu anayeinuka na kutafuta viatu.

Akakaa eda katika nyumba yao, kama sheria inavyotaka, na Mwinyijuma akahamia chumba kimoja shambani. Masika yakanyesha. Aliacha samaki mlangoni kila Ijumaa, akabisha, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Wanawake walimjia Mwanamkasi na shauri: atafutwe mtu wa kumwoa na kumwacha, halafu arudi kwa mumewe. Aliwafukuza. "Mimi si sahani ya kupitishwa mkono kwa mkono." Kwa Mwinyijuma hakutuma neno, zuri wala baya.

Sasa pantoni ilikuwa imefika katikati ya mto. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa, na wavuta kamba walipunguza mwendo. Mwanamkasi akamwambia kaka yake, "Hija, nenda kawatazame wale kuku, kamba imelegea."

"Kamba haijalegea."

"Nenda katazame."

Hija akaenda. Mwanamkasi akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mlangoni akamtazama Mwinyijuma usoni.

"Ilikuwaje?"

"Nini?"

"Hiyo shampeni. Mzungu ulimweleza mpaka akalia. Mimi sijaelezwa. Nataka kujua nimebadilishwa na kitu gani."

Mwinyijuma akautazama mto. "Hapana haja, Bi Mkasi."

"Ipo. Ilikuwa tamu?"

"Si tamu."

"Chungu?"

"La. Kwanza haikuwa kitu. Ilikuwa baridi ya kisimani tu, nikasema, nimeangamia bure. Halafu ikawa kama kulamba ukuta uliopakwa chokaa jana. Safi hivyo. Halafu ikafunguka." Akatafuta maneno. "Mkate wa mofa unaujua, ule ukingo unaoungua kidogo ukashika tanurini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakubandulia."

"Ndiyo huo. Kisha asali, lakini asali iliyokwisha kuondokwa na utamu, ikabaki ile harufu ya mzinga. Na ganda la balungi. Na lozi. Na vile vipovu, tulivyodhani hamna, vilikuwamo, vichache, vidogo kama ncha ya sindano, vinapanda kimoja kimoja ulimini, kama mzee anayepanda ngazi na hataki kushikwa mkono."

"Kisha?"

"Kisha nikameza. Nikajua imekwisha. Ikarudi."

"Ikarudi wapi?"

"Huku nyuma, kooni. Ikarudi na chumvi. Chumvi kidogo sana, kama upepo wa Ushongo asubuhi. Ikakaa. Ilikaa muda mrefu, Bi Mkasi. Nilikuwa nayo bado nilipofika mlangoni kwako."

Mwanamkasi alisikiliza kichwa kimeinama, kama mtu anayepima kitambaa. "Nzuri, basi."

"Nzuri sana."

"Alhamdulillahi. Ingekuwa mbaya ningekufa kwa hasira." Karibu acheke, lakini mdomo haukufika. "Na mimi nilikuwa wapi katika hayo yote?"

"Ulikuwepo. Nilimwambia Shekhe. Sikukusahau."

"Nilisikia." Sasa machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. "Mzungu hukuweza kumdanganya. Shekhe hukuweza kumdanganya. Wote mmewekeana ukweli wenu, mimi nyuma ya pazia nangoja uongo mmoja mdogo."

"Ningekuweka katika haramu. Kila usiku."

"Najua. Najua, Mwinyi, ndiyo maana sikukutukana." Akavuta buibui. "Lakini miaka thelathini na mmoja, kila jioni, hebu pumua, hebu pumua, ili usinisahau. Laiti ungenisahau kidogo. Mara moja tu, kwa kiasi cha funda moja. Leo ningekuwa kwetu napika."

Pantoni ikagusa ukingo wa Pangani, ikatikisika, kuku wakalia. Hija akarudi akasema, "Kamba haikulegea hata kidogo." Kombo akaruka chini akaifunga.

Mwinyijuma akalitwaa kasha begani, akalipandisha juu ya basi, akalifunga mwenyewe kwa mafundo mawili. Kisha kinu, kisha jamvi. Kuku walipakatwa na Hija. Mwanamkasi akapanda. Alipofika juu ya hatua ya basi alisita, akataka kusema kitu, akasema, "Chungu cha kuchemshia maji nimekuachia." Akaingia, akakaa dirishani upande wa pili. Basi likaondoka.

Bwana Rafaeli alikuwa amekwisha kufa, siku ya kumi na moja baada ya chupa ile, akazikwa shambani kwake. Shamba alilinunua Mgiriki, na ile nyumba ikawa ghala ya magunia. Chupa tupu aliichukua mlinzi, akatilia mafuta ya taa.

Shekhe Massoud aliendelea kusomesha Pangani. Tangu mwaka ule, kijana akitaka kuapa talaka mbele yake, humfukuza barazani.

Kombo aliacha pantoni mwaka hamsini na sita, akaenda kupakia mkonge bandarini Tanga. Hija aliingiwa na mtoto wa jicho, cherehani akamwachia mkwewe.

Mwanamkasi aliolewa Ngamiani mwaka hamsini na saba na Miraji, muuza mafuta ya taa aliyefiwa na mkewe. Wako waliosema hiyo ni njia ya kurudi Bweni, Miraji atamwacha baada ya muda. Miraji hakumwacha. Alikuwa mtu mwema na hakuwa na sababu.

Mwinyijuma alibaki Bweni. Alipata kazi ya kupika katika mkahawa mdogo karibu na pantoni. Hakuoa. Hakugusa kileo tena, ingawa hapakuwa na kiapo chochote kilichomfunga. Alikufa kwa kichomi mwezi wa Julai, mwaka hamsini na tisa.

Habari alizipeleka Hija. Alimkuta dada yake uani anakuna nazi. Mwanamkasi aliuliza amezikwa lini. Akaambiwa juzi. Akauliza nani alimwosha, akaambiwa. Akamaliza kukuna ile nazi, akachukua nyingine.